Ushungi Mweupe Juu ya Karatasi Nyeupe

Kichwa huanza bila kitambaa. Kwanza mchoraji anachora duara la fuvu, kisha mstari mwepesi unaoteremka kwenye paji, pua na kidevu, kisha masikio mawili ambayo hakuna msomaji atakayeyaona. Baada ya masikio huja nywele. Msichana wa hadithi hii ana miaka saba na amesukwa mistari mitano inayokutana kisogoni, ncha zake zimefungwa pamoja. Penseli ni ya HB, imechongwa kwa wembe, maana wembe humpa ncha ndefu anayoweza kuilaza. Mistari yote mitano anaichora mpaka mwisho, na fundo analitia kivuli. Ndipo anapochukua karatasi nyingine, nyembamba, ya kunakilia, akaiweka juu ya kichwa kile na kuanza kukivika.

Nilimuuliza kwa nini anajisumbua na nywele zitakazofunikwa. Hakuinua macho. "Fundo la nyuma linausukuma ushungi," alisema. "Nisipojua liko wapi, ushungi utakaa kama umevishwa yai."

Anachokitengeneza ni kitabu cha picha cha watoto wa miaka mitano hadi minane. Anaandika na kuchora mwenyewe, katika chumba kidogo cha ghorofa ya tatu kwenye majumba ya Michenzani, Unguja, yale marefu yaliyojengwa baada ya Mapinduzi kwa msaada wa Ujerumani Mashariki. Jina lake ameomba nisilitaje, kwa kuwa kitabu hakijatoka na hapendi kusifiwa kwa deni. Dirisha la chumba linatazama mashariki, nalo ni sehemu ya vifaa vyake. Asubuhi hubandika karatasi mbili kwenye kioo, ya nyuma ina mchoro wa rasimu na ya mbele ni tupu, jua likazipenya zote mbili na mistari ikaonekana wazi ya kufuatishwa. Meza ya kioo yenye taa chini yake hana. Jua likishapanda, kazi ya kunakili imekwisha mpaka kesho, na yeye hugeukia kitu kingine bila manung'uniko.

Hadithi yenyewe ni fupi. Msichana anataka kuvaa ushungi wake wa skuli mwenyewe, bila mama. Mara ya kwanza unakwenda upande. Mara ya pili unamziba jicho. Bibi yake yupo, anamtazama, hamshiki mkono. Anachofanya ni kumsogezea kioo. Mwishoni anafika skuli na ushungi ambao haukukaa vizuri sana, na kengele inapigwa. Basi. Hakuna anayemcheka kwa kujifunika, hakuna mwalimu anayetoa hotuba, hakuna mgeni anayeuliza maana yake. Unguja darasa zima la wasichana limevaa hivyo hivyo. Anayeweza kuchekwa ni yule ambaye wake umepinda.

Mezani pana vitabu vinne vilivyochapishwa Marekani, pembe zimechakaa kwa kufunuliwa. Anavisoma kwa mikono, kama fundi cherehani anavyogeuza nguo ya fundi mwenzake ili aone mishono ya ndani. Cha kwanza ni The Proudest Blue, cha mwaka 2019. Mwandishi wake, Ibtihaj Muhammad, ndiye Mmarekani wa kwanza kushindana katika Olimpiki akiwa amevaa hijabu: ilikuwa Rio de Janeiro mwaka 2016, katika mchezo wa vitara, na timu yake ilipata medali ya shaba. Alikiandika pamoja na S. K. Ali wa Kanada, na michoro ni ya Hatem Aly, mzaliwa wa Misri anayeishi Kanada. Ndani yake mdogo mtu, Faizah, anamtazama dada yake Asiya siku ya kwanza anapokwenda shule na hijabu ya buluu. Wapo wanaomkejeli. Mchoraji amewanyima sura watu hao. Ni vivuli tu. Buluu ya kitambaa, kwa upande wake, inatanuka ukurasa hata ukurasa mpaka inakuwa maji na mbingu. Mchoraji wa Michenzani aliniwekea kidole mahali kitambaa kinapoisha na bahari inapoanza. "Tafuta mpaka," aliniambia. Nilitafuta. Rangi ni moja, na mstari unaotoka begani unaendelea tu.

Cha pili ni Mommy's Khimar cha Jamilah Thompkins-Bigelow, kilichotoka mwaka 2018, michoro ya Ebony Glenn. Hiki ndicho ninachokipenda mimi kuliko vyote. Mtoto wa familia ya Waislamu Weusi wa Marekani anavaa khimari ya manjano ya mama yake na kucheza nayo: mara ni malkia, mara ni shujaa anayeruka. Bibi yake mmoja si Mwislamu, anakuja nyumbani akitoka kanisani, na hakuna anayelifanya jambo hilo kuwa kesi. Kitambaa humo kimekuwa kitu cha kuchezea kwanza, na kila mtoto aliyewahi kujitanda kanga ya mama yake akaiburuza sakafuni anakielewa kitabu hicho bila kufundishwa. Kilichapishwa na Salaam Reads, tawi lililoanzishwa mwaka 2016 ndani ya kampuni ya Simon & Schuster mahsusi kwa vitabu vya watoto kuhusu Waislamu.

Under My Hijab, cha Hena Khan na mchoraji Aaliya Jaleel, ni cha mwaka 2019. Mtoto anawatazama wanawake walio karibu naye, bibi anayeoka mikate, mama daktari, na wengineo, kila mmoja kwanza akiwa nje na hijabu yake, kisha akiwa nyumbani na nywele zake. Anachokisoma mchoraji wetu humo ni ukurasa wa pili wa kila jozi. Anataka kuhakikisha kwamba nywele zinazofunuliwa zingeweza kweli kuingia chini ya kitambaa kilichotangulia. Cha nne, Deep in the Sahara, cha mwaka 2013, kinakwenda Mauritania, kwa mtoto Lalla anayetamani kuvaa malafa kama wakubwa wake. Mwandishi ni Kelly Cunnane, ambaye kabla yake aliandika pia kitabu cha picha kuhusu mtoto wa Kenya. Michoro ni ya Hoda Hadadi wa Iran, ambaye hukata karatasi na kuzibandika. Malafa ni nguo moja ndefu inayozungushwa mwili mzima, na Hadadi ameijenga kwa vipande, kila mkunjo kipande chake. Ukiinamisha ukurasa kwenye mwanga unaona jinsi kipande kimoja kinavyopanda juu ya kingine.

Vitabu hivi, ukiacha cha Lalla, vimeandikwa kwa watoto wanaoishi mahali ambapo kitambaa kichwani ni jambo la kuulizwa. Kwa hiyo kila kimoja kinabeba jibu fulani, na vilivyo vizuri vinalibeba kwa wepesi. Viko vingine vingi, sivitaji, ambavyo msichana ndani yake ni bango la somo, anatabasamu kuanzia jalada hadi jalada na kitambaa chake hakina uzito wala upepo. Huko ndiko ufundi unakokosekana, nako hakuokolewi na nia njema.

Sasa karatasi. Kitabu cha picha kwa kawaida kina kurasa 32, na sababu yake iko kiwandani: karatasi kubwa moja huchapwa kurasa nane upande mmoja na nane upande wa pili, ikakunjwa na kukatwa, mbili za namna hiyo zinatoa 32. Ukitoa ukurasa wa jina, wa haki za uchapishaji na wa kutabaruku, hadithi inabaki na jozi kumi na mbili hadi kumi na nne za kurasa zinazotazamana. Yeye huanza kwa kukunja karatasi nane ndogo katikati, anazipachika moja ndani ya nyingine na kuzishona kwa uzi mgongoni, tundu tatu. Kitabu hicho cha mfano hakizidi kiganja. Ndani anatia michoro ya vijiti na mistari ya mawimbi mahali pa maneno, kisha anakaa na kukifunua, kukifunga, kukifunua.

Anachokitafuta ni mfunuo. Mtoto anaposikiliza, mkono wa msomaji ndio unaoamua lini kitu kitokee, kwa hiyo jambo lolote la kushtua lazima likae nyuma ya ukurasa wa kulia. Katika ukurasa wa 11 msichana anarusha ncha ya ushungi ipite juu ya bega. Ncha inatoka nje ya ukingo wa kulia, haionekani inaangukia wapi. Unafunua, na katika ukurasa wa 12 imemfunika paka aliyelala. Alinionesha mfano wa kwanza ambamo paka alikuwa katika ukurasa ule ule. Kichekesho kilikuwepo, lakini hakikuwa na pumzi. Ili kumsogeza paka ukurasa mmoja mbele ilibidi aguse kurasa zote zilizofuata, na mfano ukashonwa upya.

Mahali kurasa mbili zinapokutana ana adabu nyingine. Mkunjo wa katikati humeza kila kilicho karibu nao, kwa hiyo hauwekewi uso wala mkono unaofanya kazi. Anaruhusu ukuta upite pale, au sakafu, au urefu wa kitambaa. Kitambaa kikimezwa kidogo hakidhuriki.

Maneno anayakata kwa sauti. Anasoma, na penseli inafuta kila ambacho picha imekwisha kukisema. Palikuwa na sentensi iliyoeleza kwamba ushungi ni mweupe na umepigwa pasi. Ilikwenda. Palikuwa na nyingine iliyosema bibi alitabasamu. Ilikwenda pia, na kwenye mchoro tabasamu lenyewe akalipunguza. Katika jozi moja hakuna neno hata moja: msichana na kioo tu.

Kisha anarudi kwenye kitambaa, na hapo ndipo muda mwingi unapoishia. Ana kichwa cha mbao alichokipata kwa muuza kofia wa soko la Darajani, na kwenye kikapu ana mitandio ya aina mbalimbali. Anakivika kichwa kile mtandio wa pamba, anabana pini chini ya kidevu, anachora. Anauvua, anavika wa shifoni, anabana mahali pale pale, anachora tena. Pamba hushika alama ya pasi na kuvunjika kwa pembe kali. Shifoni huteleza na kulala kwa mikunjo mingi, myembamba. Mtandio wa kitambaa cha fulana huvutika na kukumbatia kichwa, karibu hauna mikunjo. Kanga mpya, kabla haijafuliwa, husimama yenyewe kwa wanga wake, na pindo lake linakata mstari wa shavu mahali ambapo hukutarajia. Msichana wa hadithi amevaa pamba iliyokwishafuliwa mara nyingi, kwa sababu ni ushungi uliorithiwa kutoka kwa dada. Hilo halimo katika maneno. Limo katika jinsi kitambaa kinavyoanguka.

Mikunjo yote ina chanzo. Inatoka pale kitambaa kinapovutwa au kuzuiwa: kwenye pini, kwenye fundo la nywele, juu ya bega. Kabla ya kuchora mkunjo wowote anaweka nukta ndogo nyekundu kwenye karatasi ya kunakilia, hapa pini, hapa fundo, hapa bega, na mistari yote huanzia kwenye nukta hizo na kutawanyika. Pini yenyewe katika picha nyingi haionekani, iko chini ya ncha iliyorushwa. Lakini nukta ipo katika kila rasimu, na kutoka ukurasa wa 5 mpaka wa 27 pini haihami isipokuwa pale hadithi inapoihamisha. Niliwahi kufunua kitabu cha mtu mwingine, kizuri kwa rangi, ambacho kitambaa kilibanwa kulia katika ukurasa mmoja na kushoto katika ukurasa unaofuata, wakati mtoto ndani yake hakuwa amenyanyua hata mkono. Watu wazima hawaoni mambo hayo. Watoto wanaovaa huyaona.

Kuna tatizo jingine ambalo sikuwahi kulifikiria. Wachoraji wa watoto hutegemea nywele kwa mengi: nywele zinaruka mtoto akikimbia, zinalala akihuzunika, zinamtambulisha hata kwa mbali. Ukizifunika, na masikio pamoja nazo, unabaki na kidirisha cha uso, na cha mtoto ni kidogo. Kichwa cha mtoto wa miaka saba tayari ni kikubwa kwa mwili wake, kitambaa kinakiongeza. Anachokifanya ni kuteremsha kitambaa kwa upole penye shingo, ili mwinamo wa shingo uonekane, maana mwinamo huo unasema mengi kuliko mdomo. Na ukingo wa juu, ule unaopita kwenye paji, anaupima kwa milimita. Ukishuka milimita mbili unafika kwenye nyusi na mtoto anaonekana amekasirika. Ukipanda mbili anaonekana ameshtuka. Nilimtazama akifuta ukingo huo na kuurudisha, raba ikigusa karatasi kwa pembe yake tu, mpaka mtoto akawa na sura ya mtu anayefikiri.

Ustadi huu, aliniambia, aliupata kutoka kazi isiyo na sura kabisa. Miaka ya nyuma aliombwa achore kitabu kwa ajili ya chuo cha Qur'ani ambacho mwalimu wake hakuridhia picha za viumbe zenye macho na midomo. Wako Waislamu wengi wenye msimamo huo, na viko vitabu vya watoto vinavyotolewa hivyo, watu wote nyuso tupu. Hakubishana na maalimu. Alikaa na kujiuliza furaha inaonekana wapi kwa mtu asiye na uso. Ikawa kwenye visigino, kwenye viwiko, kwenye pembe ya kitambaa iliyobaki hewani baada ya mtoto kugeuka. Kitabu kile kingali kwenye rafu yake. Nilikifunua na sikuwa na shaka hata mara moja nani amechoka na nani anataka kwenda kucheza.

Sasa rangi, na rangi ndiyo mtihani, kwa sababu ushungi wa skuli ni mweupe.

Anatumia rangi za maji, na katika rangi za maji nyeupe haipakwi. Nyeupe ni karatasi yenyewe iliyoachwa. Kwa hiyo ili achore ushungi anachora vyote visivyokuwa ushungi. Karatasi ni nzito, gramu 300, na hata hiyo hukunjamana ikilowa, basi jioni huichovya katika beseni, huitandaza juu ya ubao na kuibandika kingo zote nne kwa ukanda wa karatasi wenye gundi. Usiku inakauka na kujivuta. Asubuhi imekaza, ukiigonga kwa kucha inatoa mlio. Wakati wa masika haikauki kwa usiku mmoja, na yeye husubiri usiku wa pili. Mashine ya kukaushia nywele anayo, aliitumia zamani. Hewa yake ya moto husukuma rangi mbichi ikaacha pete. Siku hizi anaiachia feni kazi hiyo, kwa mbali.

Kwanza anapaka ukuta nyuma ya mtoto, akizunguka ukingo wa ushungi kwa brashi yenye ncha moja kali, mkono umetulia juu ya mkono mwingine. Hapa Unguja kuta nyingi zimepakwa chokaa, na hilo lilimpa kazi: ushungi mweupe mbele ya ukuta mweupe hauonekani. Katika jozi ya tisa alimsogeza mtoto hatua moja ili kichwa chake kipite mbele ya mlango wa mbao nzito. Katika jozi ya kumi hapakuwa na mlango, basi akageuza saa: badala ya asubuhi mapema akaifanya jua limepanda kidogo, kivuli cha nyumba ya jirani kikaanguka ukutani, na ushungi ukawaka mbele yake. Saa ilipobadilika, vivuli vya kurasa mbili zilizotangulia navyo vilibidi vifupishwe. Alivifupisha.

Ukuta ukishakauka anarudi ndani ya weupe. Kivuli cha kitambaa anakichanganya kwa buluu ya ultramarini na kahawia ya udongo uliochomwa, mpaka zinauana na kutoa kijivu ambacho hakina jina. Anakijaribu pembeni ya karatasi, anangoja kikauke, kwa sababu rangi ya maji hufifia ikikauka na ile unayoiona mbichi inakudanganya. Halafu anapaka mkunjo mmoja. Upande mmoja wa mkunjo anauacha na ukingo mkali. Upande wa pili anaupitishia brashi yenye maji matupu ili rangi iyeyuke polepole mpaka ipotee. Mkunjo mmoja, kisha anauacha, anakwenda kwenye mkunjo ulio mbali nao, maana wa jirani ungeuchafua. Kwenye shavu, pale kitambaa kinapogusa ngozi, anatia kahawia nyepesi mno iliyochangamka: ngozi inarudisha rangi yake kwenye kitambaa. Chini, karibu na kifua, buluu ya gauni la skuli inapanda kidogo ndani ya weupe. Ukiziba sehemu hizo kwa vidole, ushungi unakuwa karatasi iliyokatwa. Ukiondoa vidole, kuna mtoto ndani yake.

Nilikuwa nikidhani mchoraji hupumzika anaposubiri rangi ikauke. Huyu husuuza brashi, huikausha kwa kitambaa, huilaza, kisha hukaa na mikono mapajani akitazama karatasi. Simu iko chumba cha pili. Maji yanapokaribia kukauka, ung'aavu wake unaondoka ghafla juu ya uso wa karatasi, na kuna muda mfupi hapo katikati ambapo rangi inaweza kuongezwa bila kuacha alama. Ndio anaoungojea. Akiukosa, hagusi tena mpaka karatasi ikauke kabisa.

Mambo ya kiwandani nitayapita haraka. Picha huskaniwa, kila ukurasa ukiachiwa milimita 3 za ziada kila upande za kukatwa, na kiwanda huleta sampuli. Sampuli ya kwanza ilikuja na gauni la skuli likielekea zambarau. Wino wa uchapaji huwa na shida na buluu ile. Aliiweka dirishani karibu na mchoro wenyewe, akaandika pembeni majenta ipungue kiasi gani, akairudisha. Ya pili ilirudi na buluu nzuri, lakini vivuli vya ushungi vilikuwa vimeoshwa vyote. Akairudisha nayo.

Kilichobaki ni ukurasa wa 32. Mchapishaji alipendekeza pawe na maelezo ya kwa nini wasichana wa Kiislamu wanajisitiri, kama vile The Proudest Blue na Deep in the Sahara vinavyofunga kwa neno la mwandishi. Hakukataa moja kwa moja. Alisema ukurasa huo atautumia, akachora vijisanduku sita: kitambaa kimetandazwa, kimekunjwa pembetatu, kimewekwa kichwani, kimebanwa, ncha imerushwa, mtoto amegeuka. Hapana neno lolote.

Aliujaribu kwa mtoto wa dada yake, akampa mtandio na ukurasa. Mtoto alikwenda vizuri hadi sanduku la tatu. La nne likamtatiza. Alitazama picha, akatazama mikono yake, akabadilisha mikono, akatazama tena. "Mamdogo, huyu anabana mkono gani?"

Picha ilikuwa sahihi, ila ilichorwa kama mtu aliyesimama mbele ya mtoto anavyomwona, kwa hiyo kulia kwake kulikuwa kushoto kwa msomaji. Mchoraji alichukua kioo kutoka ukutani, akamsimamishia mtoto, akamwambia abane mbele yake, na yeye akakaa nyuma ya bega lake na daftari. Masanduku ya nne na ya tano yalichorwa upya kutoka ndani ya kioo, pamoja na fremu yake ya mbao ili mtoto ajue anatazama kioo. Kisha akahesabu: kama haya mawili yako kwenye kioo, la tatu nalo lazima liwemo. Akabandika karatasi mpya ubaoni, akachonga penseli, akaanza na duara la fuvu.